Nina MS, na sasa wanataka kunipiga mionzi usoni. Nikubali?

Mama Nesi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Uppsala, Uswidi, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Nina miaka 43. Niligunduliwa kuwa na multipo sklerosisi, ambayo huku sote tunaiita MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo, kabla sijamzaa mtoto wa pili. Jicho liliingia ukungu na miguu ikafa ganzi. Nikaanzishiwa dawa, nikajifunza kuishi nao, nikarudi kazini. MS siyo iliyonifanya nikuandikie.

Kilichonishinda ni uso. Kilianza kama jino, upande wa kushoto, taya la chini. Napiga mswaki, ghafla shoti inapita kutoka mdomoni mpaka sikioni. Inakaa sekunde chache tu, lakini naishika sinki kwa mikono miwili, machozi yananitoka. Daktari wa meno aling'oa jino. Sikupata nafuu. Likang'olewa la pili, na shoti ikaendelea kuja palepale penye pengo.

Siku hizi hata upepo ukinipiga shavuni inakuja, na wewe unaujua upepo wa huku mwezi wa pili. Nafanya kazi chekechea, na kuimba na watoto nimeacha. Kutia udhu umekuwa mtihani, nikifika usoni mkono unasita wenyewe. Nakula mtori na uji kwa upande mmoja wa mdomo.

Daktari wa neva alinipa karbamazepini, zile wengi wanazijua kwa jina la Tegretol. Mwanzo zilinisaidia sana. Baadaye maumivu yakarudi, dozi ikapandishwa, yakarudi tena, ikapandishwa tena. Sasa natembea kama mlevi, naona vitu viwili viwili, nasinzia kwenye basi mpaka napitiliza kituo. Nimeshaanguka bafuni. Usiku mume wangu akilala natazama bei za viti vya magurudumu kwenye simu, maana naona MS ndiyo hiyo inanimaliza.

Sasa wameniambia wanaweza kunipeleka Stockholm nifanyiwe Gamma Knife. Wakasema ipo pia njia ya sindano inayopita shavuni, nichague. Daktari aliongea haraka, na Kiswidi changu cha hospitali ni cha kuombea maji. Nilichodaka ni kwamba ni mionzi, ni mara moja, nafuu inaweza kuchelewa, na uso unaweza kufa ganzi.

Nyumbani kila mtu ana lake. Kaka yangu ameanza kuchangisha niende India nikafunguliwe kichwa, anasema hiyo ndiyo operesheni ya kweli, jirani yake alifanyiwa akapona kabisa. Mama mkwe anasema ni hasadi, ametuma kombe. Mume wangu anataka chochote kilicho cha haraka.

Naomba unijibu kama mwanao. Mionzi haitaiamsha MS? Uso hautapinda? Na kama maumivu yanaweza kurudi, nifanye ya nini?

Mwenye Taya, Uppsala

*

Marahaba, mwanangu.

Pole sana. Nimefanya kazi wodi ya neva mpaka nikastaafu, na wagonjwa wa maumivu haya huwa nawatambua kabla hawajasema kitu, kwa sababu hawataki kusema. Wanajibu kwa kichwa, wanashika kalamu na karatasi. Mtu asiyewahi kuyaona anadhani ni madeko. Kwa hiyo lile la kuacha kuimba nimelielewa bila maelezo zaidi.

Nianze na kile kiti cha magurudumu, ingawa hukuniuliza.

Kuyumba, kuona viwili viwili, kusinzia, kuanguka: hayo yote MS inaweza kuyaleta. Lakini karbamazepini nayo inayaleta yote, moja baada ya jingine, hasa dozi ikishapanda, na mwenye MS huelemewa nayo mapema kuliko mtu mwingine kwa sababu ubongo wake tayari una makovu. Imeshaandikwa kwenye majarida ya kitabibu kuhusu watu wa MS waliodhaniwa ugonjwa umewazidi, kumbe ni vidonge. Dawa hii pia huweza kushusha sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, na sodiamu ikishuka mtu huchanganyikiwa, huchoka na kupepesuka. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Stockholm na kabla ya India, piga simu kliniki yako ya neva, waeleze kuanguka kwako, uombe wapime sodiamu na kiwango cha dawa kwenye damu. Usiipunguze mwenyewe wala usiiache ghafla, maumivu yatakurudia kwa hasira na unaweza hata kupata degedege. Waulize pia kama wanaweza kukuongezea dawa nyingine ili hii ipungue. Zipo baklofeni, lamotrijini na gabapentini, na baklofeni huenda unaijua tayari, maana wengi wenye MS hupewa kwa ajili ya miguu inayokakamaa.

Nimelitanguliza hili kwa sababu litabadilisha namna utakavyoitazama hiyo mionzi. Wewe na mumeo mnaipima kwa swali moja, kama maumivu yatakwisha. Mimi ningeipima pia kwa vidonge. Ikikupunguzia maumivu nusu tu, lakini ukaweza kushusha karbamazepini ukatembea sawasawa, ukapanda basi ukashuka kituo chako, kwangu hiyo imefanya kazi.

Sasa shoti zenyewe zinatoka wapi. Neva inayokuuma inaitwa trijemina, neva ya tano ya kichwa. Ina matawi matatu kila upande, la paji na jicho, la shavu, na la taya. Kazi yake kubwa ni kuhisi, na tawi la taya linaendesha pia misuli ya kutafunia. Kwa watu wengi wasio na MS, kinachoisumbua ni mshipa wa damu unaoigusa pale inapoingia kwenye shina la ubongo. Kwako wewe, uwezekano mkubwa ni MS yenyewe. Imechubua ala ya mafuta inayofunika neva palepale inapoingia kwenye shina la ubongo, na neva iliyochubuka ni waya usio na plastiki, mguso mdogo wa shavuni unaruka kwenye waya wa jirani unaobeba maumivu. Ndiyo maana mswaki unakuwa kisu. Ndiyo maana pia meno yako hayakuwa na kosa, na nasikitika kukuambia kwamba hadithi ya meno mawili nimeisikia mara nyingi mno. Kati ya watu 100 wenye MS, wawili hadi watano hivi hupata maumivu haya, na hatari yao ni kama mara 20 ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo kombe la mama mkwe lipokee kwa heshima, ni mapenzi hayo, ila hasadi haihusiki hapa.

Neva inayokunja na kukunjua uso, ile ikiharibika mdomo unaenda upande, ni neva nyingine kabisa, ya saba. Mionzi hii haielekezwi huko. Kwa hiyo uso kupinda lisikunyime usingizi. Ganzi ndiyo ya kuifikiria, nitaifikia.

Gamma Knife jina lake linatisha bure, maana hakuna kisu wala kushonwa. Na umepelekwa kwenye mji uleule ilikozaliwa. Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Stockholm, ndiye aliyelitoa wazo hili mwaka 1951, kupiga sehemu moja ndogo ndani ya kichwa kwa miale mingi inayotoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu, ikutane mahali pamoja tu. Miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo kabisa walikuwa watu wa maumivu ya trijemina, kama wewe, kabla hata mashine ya kobalti, yaani Gamma Knife yenyewe, haijatengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na hiyo njia ya sindano uliyotajiwa, kama ni ile ya gliseroli, ni ndugu yake wa tumbo moja. Sten Håkanson na wenzake, hukohuko Stockholm, walikuwa wakichanganya unga wa chuma cha tantalumu na gliseroli, wakiuingiza kwenye kifuko cha neva ili picha ionyeshe mahali pa kulenga mionzi. Wakashangaa wagonjwa wanapata nafuu kabla ya mionzi kupigwa. Ni gliseroli iliyokuwa ikifanya kazi. Waliichapisha mwaka 1981. Napenda sana kisa hiki, nisamehe kwa kukuchelewesha.

Siku yenyewe itakuwa hivi. Utafungwa fremu ya chuma kichwani kwa pini nne, baada ya kuchomwa sindano za ganzi kwenye ngozi. Sehemu hiyo ndiyo wagonjwa wengi wanailalamikia, kufungwa fremu, si mionzi. Waambie mapema shavu lako likoje, ili anayefunga asipapase ovyo. Kisha kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa kwa sumaku, kisha unasubiri wakati wataalamu wanapanga hesabu zao, pengine muda mrefu. Mionzi yenyewe huchukua chini ya saa moja au kuizidi kidogo, hutasikia kitu, unalala tu macho wazi. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Nywele hazinyonyoki kama za mgonjwa wa saratani.

Dozi ni kubwa, nisikufiche. Ni grei (kipimo cha mionzi) 70 hadi 90 kwa mkupuo mmoja, wakati mgonjwa wa saratani hupigwa kama grei 2 kwa siku. Tofauti ni kwamba yako inatua kwenye kipande cha neva cha milimita chache, na pembeni yake inafifia haraka. Swali lako kuhusu kuiamsha MS ni la haki, lakini wenye MS wamekuwa wakifanyiwa tiba hii kwa miaka mingi na madaktari hawaihesabu kuwa kichocheo cha mashambulio. Haiiponyi MS, na dawa zako za MS zinaendelea. Wape majina yake yote wataalamu wa Stockholm, wasitegemee barua ya Uppsala peke yake.

Kuchelewa kwa nafuu ulikisikia sawasawa. Mionzi haikati neva, inaijeruhi polepole, na matokeo huja baada ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Katika muda huo vidonge vinaendelea. Nimeona watu wakikata tamaa wiki ya tatu wakidhani wamedanganywa. Na ganzi, ikija, nayo huja kwa kuchelewa. Wengi wanaoipata huizoea, wanasema ni kama shavu limerudi nusu kutoka kwa daktari wa meno. Wachache huwakera kwa mchonyoto na hisia ya vijidudu vinavyotembea. Wachache sana hupata ganzi inayouma mfululizo, na hiyo ni ngumu kutibu. Mwulize anayekutibu waziwazi, kwa wagonjwa wake wenye MS, hao wachache ni wangapi.

Sema "wenye MS", usikubali takwimu za wagonjwa wote. Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Matibabu yote ya neva hii, mionzi, sindano na upasuaji, huwakaa vibaya zaidi watu wa MS kuliko wengine. Nafuu inapatikana kwa wengi, lakini kwa wengi pia maumivu hurudi ndani ya miaka michache, na wengine huhitaji kurudia. Uliuliza, ya nini basi? Miaka miwili ya kuimba na watoto chekechea ni miaka miwili. Ila ni lazima uingie ukijua hivyo, na mumeo ajue, asije akasema tumeibiwa.

India. Kaka yako ana nia njema na jirani yake hasemi uongo. Operesheni anayoizungumzia ni ya kufungua nyuma ya sikio na kuutenga mshipa wa damu usiiguse neva, na kwa mtu ambaye shida yake ni mshipa wa damu inaweza kumpa miaka mingi ya raha. Shida yako ni kovu la MS, na kovu halitengwi. Kwa wenye MS matokeo yake ni hafifu zaidi, na bado ni upasuaji wa kichwa wenye hatari za upasuaji wa kichwa. Isipokuwa jambo moja. Baadhi ya watu wa MS wana vyote viwili, kovu na mshipa wa damu unaobana. Mwulize daktari wako kama MRI yako ilitazamwa kwa jicho hilo, upande wa kushoto, na anaona nini. Akisema hakuna mshipa unaoibana neva, mpigie kaka umwambie asimamishe michango, na umwambie kwa maneno hayahaya, daktari ametazama, mshipa haupo. Wanaume wa Tanga hubishana na ushauri, lakini picha wanaiheshimu.

Basi linabaki la kuchagua kati ya mionzi na sindano, na hapo ninatofautiana na mumeo kidogo tu. Sindano, iwe ya gliseroli, ya joto au ya kupuliza kibofu kidogo ndani ya fuvu, ina faida moja kubwa, nafuu huja siku hiyohiyo au ndani ya siku chache. Bei yake ni ganzi ya mara kwa mara zaidi, na ile ya kibofu hudhoofisha misuli ya kutafunia kwa muda. Kama bado unakunywa mtori, uzito haujaporomoka na dawa zinaweza kurekebishwa ukavumilia miezi michache, mimi ningechukua mionzi kwanza, kwa sababu ni laini zaidi kwa mwili. Kama umefika mahali hata maji hayashuki, mionzi itakuchelewesha, chagua sindano bila kujilaumu. Na kukiwa na siku huwezi kunywa wala kumeza dawa kabisa, nenda dharura, hospitali wana dawa za kupitisha kwenye mshipa za kutuliza mlipuko.

Jambo ambalo pengine hukuambiwa ni kwamba kwa watu wa MS maumivu haya huweza kuhamia upande wa pili. Si kwa wote, ila ni zaidi kuliko kwa wengine. Ndiyo maana sipendi mgonjwa wa MS akimbilie kuua kabisa hisia za upande mmoja, maana uso uliokufa ganzi pande zote mbili, pamoja na misuli ya taya iliyolegea, ni shida ya kula na kuongea. Mwulize daktari wa Stockholm mpango wake ni upi ikitokea hivyo. Ukisikia kitu chochote upande wa kulia sasa hivi, mwambie kabla ya kusaini.

Usiende peke yako, na usimfanye mumeo mkalimani. Omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kupanga miadi, huko Uswidi ni jambo la kawaida. Mumeo anakupenda, na mtu anayekupenda hufasiri anachotaka ukisikie.

Udhu: dini ina nafasi kubwa kwa mgonjwa, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii kiungo kisichoweza kuguswa na maji kina hukumu yake, unaosha vinavyooshika na kutayamamu kwa kisichooshika. Lakini mweleze shekhe kinagaubaga kwamba tatizo ni mguso wenyewe, maana tayamamu nayo inapangusa uso. Ramadhani ikikaribia, mwulize daktari kama unaweza kupewa karbamazepini inayoachia dawa taratibu, hiyo humezwa mara mbili, daku na futari, ingawa Ramadhani ikiangukia kiangazi, siku za Uswidi ni ndefu kupita kiasi na huenda jibu likawa kutofunga. Na kama bado uko katika umri wa kuweza kushika mimba, jua kwamba karbamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hili nalo liseme kliniki.

Mwisho kuna jicho. Maumivu yako yako shavuni na tayani, lakini ganzi ikija baada ya mionzi au sindano inaweza kupanda mpaka kwenye kioo cha jicho, na jicho lisilohisi haliwezi kukuambia kwamba limeingia mchanga. Kila asubuhi litazame kwenye kioo. Likiwa jekundu, au ukiona ukungu upande huo, usiseme ni MS ya zamani imerudi na usisubiri miadi. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.